Mbayuwayu Wanaokuja na Mvua

Katika toleo hili sisi walimu wa kujitolea tunataka tuongee juu ya ndege. Msicheke. Ndege hawa wanatuhusu, na watoto wetu wanawapiga kwa manati bila kujua ni akina nani.

Kila mwaka mwezi wa kumi, mvua zikikaribia hapa Kigoma, tunaanza kuona mbayuwayu wenye mgongo mweusi wa kung'aa kama buluu, koo jekundu kama udongo wetu, na mkia mrefu uliogawanyika. Mwezi wa nne ukipita, hawapo. Wako mbayuwayu wengine wanaojenga viota vya tope chini ya mapaa yetu, hao ni wenyeji wa Afrika. Huyu wa koo jekundu hajengi hapa. Kiota chake kiko mbali, Ulaya au Asia.

Kwa nini wanahama?

Mbayuwayu anakula wadudu wanaoruka. Kule kwao baridi kali ikiingia, wadudu wanatoweka, na asipoondoka atakufa njaa. Zamani watu wa Ulaya walidhani anajificha ndani ya matope mpaka baridi iishe. Mwaka 1822 huko Ujerumani alipatikana korongo mweupe amechomwa mkuki shingoni, na mkuki wenyewe ulikuwa wa Afrika ya Kati! Aliruka nao mpaka huko. Mpaka leo amehifadhiwa katika chuo kikuu cha Rostock. Ndipo wakaanza kuelewa kwamba ndege hawa wanakuja kwetu.

Mwezi wa tano 1911, Mwingereza mmoja, John Masefield, alimvalisha mbayuwayu pete ndogo yenye namba mguuni. Desemba 1912 ndege yule alikamatwa katika nyumba ya shamba huko Natal, Afrika Kusini. Safari hiyo ni karibu kilomita 10,000, na ndege mwenyewe ana uzito wa gramu 20 hivi, kama vijiko vidogo vinne vya sukari.

Wanafunzi wa darasa la tano walituuliza, "Mwalimu, nani anawaonyesha njia?" Wataalamu wanasema ndege wanaohama wanafuata jua mchana, nyota usiku, na pia wanahisi nguvu ya sumaku ya dunia. Mtoto mwingine akasema, "Wana bahati, hawaombi kibali." Darasa lote lilicheka. Lakini si bahati tupu. Wanavuka bahari na jangwa la Sahara, na wengi wanafia njiani. Waliopona mara nyingi wanarudi kwenye zizi lile lile walilojenga mwaka uliopita. Wakikuta limebomolewa, wanaanza upya.

Nchi moja ikiharibika, zote zinaona

Afya ya ndege hawa haitegemei nchi moja. Mwaka 1968 ukame mkali ulishika Saheli, nchi zile za kusini mwa Sahara. Mwaka uliofuata, 1969, Waingereza walingoja ndege wao mmoja mdogo mwenye koo jeupe, ambaye hukaa Saheli wakati wa baridi. Karibu robo tatu hawakurudi. Uingereza hapakuwa na ukame wowote, ila vichaka vilikuwa kimya. Vivyo hivyo, dawa za kuua wadudu zikimwagwa ovyo Ulaya au huku, mbayuwayu anakosa chakula. Na huko Boje, Nigeria, mahali ambapo zaidi ya mbayuwayu milioni moja wanalala pamoja, watu walikuwa wanawanasa kwa ulimbo ili wawale. Hatuwalaumu, njaa tunaijua. Lakini ndege mmoja ana nyama kiasi gani? Hata mtoto mmoja hashibi.

Tunawaomba wazazi

Kwanza, wakatazeni watoto kuwapiga. Mbayuwayu haibi mahindi wala mtama. Kutwa nzima anakamata nzi na wadudu wengine, tena bure.

Pili, ndege aliyekutwa amekufa asiguswe, asichezewe, asiliwe. Januari 2017 Uganda ilitangaza mafua ya ndege, baada ya ndege wengi wa porini kukutwa wamekufa ufukweni mwa Ziwa Victoria karibu na Entebbe. Ugonjwa huo unaua kuku, na aina nyingine zake zimeua watu pia. Ndege wa kuhama walio wazima si wa kuogopwa. Ila mkiona ndege wengi wamekufa pamoja, au kuku wanakufa kwa ghafula, mjulisheni mhudumu wa afya au afisa mifugo mara moja. Mtoto akishagusa, anawe mikono kwa sabuni.

Tatu, mwezi wa kumi tutafanya kazi moja na wanafunzi. Mtoto atakayemwona mbayuwayu wa koo jekundu wa kwanza aandike tarehe na mahali, alete shuleni. Tutabandika ukutani, na mwaka unaofuata tutalinganisha kama wamechelewa au wamepungua. Wazazi wasiojua kuandika waambieni watoto, wao wataandika. Na wazee mnaokumbuka mbayuwayu walivyokuwa wanafika kule kwetu, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, karibuni darasani mtusimulie. Watoto wengi waliozaliwa hapa hawajawahi kusikia.

Tukutane toleo lijalo.