Mashine ya kufyonza vumbi karakana: Usiiwashe kabla ya kupiga hesabu hii

Unawasha msumeno wa meza na mashine ya kufyonza vumbi kwa pamoja. Ghafla breka inakata. Unaipandisha, kazi inaendelea. Mara ya tatu, plagi ishaanza kunuka plastiki iliyoungua.

Mafundi seremala wengi wanaijua hali hii, na wengi huilaumu mashine. Mara nyingi kosa liko kwenye namna ilivyochomekwa.

Kwanza, mashine yenyewe ina umuhimu. IARC, wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), umeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la 1, yaani vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Pua ndiyo iko hatarini zaidi.

Hesabu yenyewe ni hii

Plagi ya pini tatu inabeba mwisho ampia 13. Zidisha kwa volti 230, unapata wati 2,990.

Mota ya hospawa 2 inaweza kuvuta karibu wati 2,000. Msumeno wa wati 1,800 ukichomekwa kwenye ekstensheni hiyo hiyo, jumla ni 3,800. Ekstensheni imezidiwa.

Tena hiyo ni wakati mashine zimeshachanganya. Mota inapoanza kuzunguka huweza kuvuta umeme mara tano au zaidi ya kawaida, kwa muda mfupi.

Fanya hivi

• Kila mashine iwe na soketi na laini yake kutoka kwenye breka. Unene wa waya apime fundi umeme.

• Washa ya vumbi kwanza, isubiri ichanganye, ndipo uwashe msumeno. Ukimaliza, zima msumeno, acha ya vumbi iendelee sekunde chache kusafisha bomba.

• Ekstensheni ya kuzungusha ifunue yote. Ikibaki imejikunja, joto halina pa kutokea.

• Breka ikikata kila mara, usiweke kubwa zaidi. Ukifanya hivyo, kitakachoungua ni waya ulio ukutani.

Umenunua mtumba?

Soma kibandiko cha mota. Mashine nyingi ndogo zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ni za volti 120 na hezi 60. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230, mota inaungua. Transfoma inashusha volti, lakini hezi zinabaki 50, hivyo mota huzunguka taratibu zaidi na inaweza kupata moto kupita kiasi.

Cheche ndiyo adui

Vumbi laini likitanda hewani linaweza kulipuka likikutana na cheche. Kwa hiyo usifyonze cheche za grenda kwa mashine ya mbao, wala misumari. Msumari ukigonga feni ya chuma, cheche inaruka hadi kwenye mfuko. Huko moto unaweza kufukuta saa kadhaa, ukaibuka usiku karakana imefungwa.

Mwaga mfuko kabla haujajaa, na vumbi likae nje kwenye pipa la chuma lenye mfuniko. Pini ya ethi isikatwe hata kama plagi haiingii vizuri. Ndiyo inayokulinda mota ikivujisha umeme.

Bomba likiziba, zima, chomoa plagi, subiri feni isimame kabisa, ndipo uingize mkono. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, maana mtu mwingine anaweza kuiwasha.

Barakoa pia usiivue. Mashine haikamati vumbi lote, na lile linalopenya mfuko ndilo laini zaidi.

Baada ya nusu saa ya kazi, zima mashine na uguse plagi kwa nje. Ikiwa ya moto, usiiwashe tena. Muite fundi umeme kwanza.