Mkono wa Jembe na Chipu ya Chini ya Ngozi

Mkulima wa Msanzi, kama walivyo wenziwe wa uwanda wa juu wa Ufipa, Tanzania, huinama shambani mvua zikielekea ukingoni, akageuza udongo juu ya majani na kuyafunika katika vichuguu vya mviringo, ambavyo Wafipa wenyewe huviita intumba, ili majani yaoze humo na kuurutubisha ulezi wa msimu ujao. Na taabu hiyo ya jembe la mkono humwachia viganjani na vidoleni sugu na mipasuko ambayo mashine ya kusomea vidole haiielewi.

Jambo hili lilidhihirika kwa umma tangu tarehe 1 Mei 2019, ulipoanza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, zikilinganishwa na zile zilizohifadhiwa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa. Mashine haina miujiza: huona tofauti baina ya vituta vidogo vya ngozi na mabonde yake, basi. Mpini ukivisugua vituta, au saruji ikiviunguza kama inavyowapata mafundi waashi, au baridi kavu ya Juni na Julai ikiupasua mkono, maana Sumbawanga, mji wa uwanda huo, iko takriban mita 1,800 juu ya bahari, mashine hupokea ukungu mtupu. Asili ya mchoro imo katika tabaka la chini la ngozi, hata mikono ikistarehe kwa majuma kadhaa aghalabu hurudi kama ulivyokuwa. Lakini ni mkulima gani atakayestarehesha mikono kwa sababu ya laini ya simu?

Hapo ndipo baadhi ya watu huuliza kama si afadhali kuipa mikono ya namna hii chipu ya kutiwa chini ya ngozi, ambayo jembe haliwezi kuifuta. Mwalimu wa chuo kikuu wa Uingereza, Kevin Warwick, alitiwa moja mkononi tarehe 24 Agosti 1998, na mwaka 2017 kampuni ya Three Square Market ya Wisconsin, Marekani, iliwapa wafanyakazi wake waliopenda, ili wafungue milango na kununua vitafunio pasipo kadi. Chipu kama hiyo ya Wisconsin ni kichupa cha kioo chenye ukubwa wa punje ya mchele, upana milimita 2 na urefu 12, kinachoingizwa kwa sindano nene katika nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Hakina betri, hupata nguvu kutoka katika mawimbi ya redio ya chombo kinachokisoma, ambacho hakina budi kukikaribia kwa sentimita chache tu. Fedha hazimo ndani ya kichupa. Aghalabu huwa na namba tu, na pale pasipokuwa na chombo cha kuisoma, hakina faida yoyote.

Matope na jasho hayakidhuru. Taklifu iko kwingine. Mahali hapo palipochaguliwa kwa kuwa hapana mfupa ndipo mpini unapokaa mkulima anapokaza mkono, na msuli hukaza na kulegea kwa kila pigo, mchana kutwa. Kabla kovu halijakizunguka, kichupa chaweza kuhama. Jeraha lisilopumzishwa laweza kuingiwa na vijidudu. Na jiwe likimpiga mtu mgongo wa mkono, kioo kilichopo juu juu hakina ulinzi mkubwa. Mtu wa mezani hustahimili majuma ya kupona bila kujua. Mbebaji magunia hawezi. Tena chipu ikizeeka, hubadilishwa kwa kisu, si kwa kwenda dukani.

Nami naona kwamba kifaa hiki kilibuniwa kwa mikono isiyoshika mpini. Wala si mara ya kwanza kwa mfanyakazi wa mikono kubebeshwa utambulisho wake: Kenya ya kikoloni, tangu miaka ya 1919 na 1920, iliwalazimisha wanaume Waafrika kuvaa shingoni hati iliyoitwa kipande, yenye alama za vidole vyao, ili mtoro wa shambani apatikane kwa urahisi. Leo Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo ni kinga ambayo watu wa kipande hawakuwa nayo.

Ama kwa mkulima anayekataliwa na mashine, dawa iliyo karibu ni nyepesi: anawe vizuri, apake mafuta kidogo usiku uliotangulia, aulainishe mkono kwa unyevu kidogo palepale, na amwombe wakala ajaribu kidole kingine, hasa cha mkono usioongoza jembe, kwa sababu alama za vidole vyote 10 zilichukuliwa siku ya kuandikishwa.