Kwa nini rubani hasemi "sawa"

Abiria wa pantoni linalovuka kutoka Magogoni kwenda Kigamboni ana dakika chache za kutazama juu. Ndege iliyoruka kutoka Kipawa inapita upande wa mjini, inapanda juu ya Upanga na kutokomea baharini. Siku nyingine inakuja kwa mstari uleule lakini kinyume, ikishuka kutoka baharini, magurudumu yakiwa nje. Wavuvi wa Mjimwema wanaijua sababu bila kuambiwa. Kaskazi linapovuma, kati ya Desemba na Machi, ndege kubwa huruka zikilielekea uso kwa uso. Kusi likishika, mara nyingi zinageuza. Jahazi linataka upepo wa nyuma au wa ubavuni, ndege inataka wa mbele.

Mnarani, hapo Kipawa kwenye Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, hakuna anayesema kaskazi wala kusi. Husemwa "zero five" na "two three". Ni njia moja ya kurukia na kutua yenye majina mawili, kwa kuwa ina ncha mbili: anayeruka kupitia ncha ya 05 anaelekea nyuzi 50 za dira, na anayetumia 23 anaelekea nyuzi 230. Tarakimu ya mwisho imetupwa ili jina liwe fupi. Uwanja una njia nyingine fupi, 14 na 32, na msomaji sasa anaweza kujikokotolea mwenyewe zinaelekea wapi.

Kwa kuwa jina la njia ni dira tu, halitambulishi uwanja. Tarehe 18 Desemba 2013 Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda KIA, uwanja wa Kilimanjaro, ilitua Arusha, kiasi cha kilomita 50 pembeni, kwenye njia ya mita 1,620 iliyozoea ndege ndogo. Iliishia kwenye majani, abiria wakatoka salama. KIA ina njia iitwayo 09 upande mmoja na 27 upande wa pili. Arusha nayo ina 09 na 27.

Lugha ya redioni imejengwa na watu wasioamini masikio. Tarakimu hutamkwa moja moja, na baadhi yake zimepindwa makusudi: tatu ni "tree", nne ni "fower", tano ni "fife", tisa ni "niner". Mwalimu wa Kiingereza wa sekondari angempunguzia mwanafunzi alama kwa matamshi hayo, lakini redio inayokwaruza haitofautishi vizuri "five" na "nine", na kosa la aina hiyo angani halina mtihani wa marudio. Herufi nazo zina majina yaliyoanza kutumika kimataifa mwaka 1956, kuanzia Alfa hadi Zulu. Alfa imeandikwa kwa f na Juliett ikapewa t mbili, kwa sababu si kila lugha inayosoma "ph" kama f, na Mfaransa angeimeza t moja ya mwisho. Mswahili, aliyezoea kusoma kila herufi iliyo mbele yake, hakuwa na shida hiyo. Ndege zilizosajiliwa Tanzania huanza na 5H, kwa hiyo hewani ni "Fife Hotel". Za Kenya ni 5Y, za Uganda 5X.

Zulu ndilo pia jina la saa ya dunia inayotumiwa na marubani wote, ambayo iko saa tatu nyuma ya saa za ofisini Dar es Salaam. Hapa Mswahili anapata burudani yake ndogo. Ofisini ikiwa 9:00 asubuhi, rubani anaandika 0600 Zulu, na muuza chapati wa Kibada anasema saa tatu. Saa tatu zinaitenganisha saa ya ofisi na ya rubani, na nyingine tatu zinaitenganisha ya rubani na ya muuza chapati.

Kazi kubwa zaidi ya lugha hii ni kuua neno "sawa". Kwa Kiswahili sawa ni neno la mwendo mrefu. Laweza kuwa nimesikia, au nimekubali, au nitafanya, au basi yaishe. Laweza hata kuwa sikubali ila nimechoka kubishana. Dereva wa bodaboda na abiria wake wanaelewana kwa sababu wanaonana. Mwongoza ndege hamwoni rubani usoni, kwa hiyo sawa moja imegawanywa vipande. "Roger", ambayo wengi huitamka roja, ni "nimeupokea ujumbe wako wote" na hapo imekwisha. Haimaanishi ndiyo, ingawa filamu zimewafundisha watu hivyo. "Wilco" ni nimeelewa na nitatekeleza. Ndiyo ni "affirm", neno lililokatwa mkia kwa sababu "affirmative", ikimezwa mwanzo, inabaki na mwisho unaofanana na wa "negative", ambayo ni hapana. "Unable" ni siwezi, na halihitaji radhi. "Stand by" ni subiri, na anayesubiri hajaruhusiwa wala hajakataliwa.

Hata hivyo, kwa maagizo ya hatari roger haitoshi. Urefu wa kuruka, dira, namba ya njia, kipimo cha kanieneo cha kuwekea altimita, kibali cha kutua au kuvuka njia: vyote hivyo rubani lazima avirudie kama alivyovisikia. Mwongoza ndege naye lazima asikilize marudio hayo, jambo ambalo kwa mtu mwenye ndege nyingi masikioni ni gumu kuliko linavyosikika. Mtu husikia anachokitegemea.

Nairobi ina kisa chake. Tarehe 3 Septemba 1974 Boeing 747 ya British Airways ilikuwa ikikaribia uwanja, na mwongoza ndege akairuhusu kushuka hadi "seven five zero zero", yaani futi 7,500. Marubani walisikia "five zero zero zero". Uwanja wa Nairobi uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari. Jumbo hilo lilikuwa linashuka kwenda kwenye urefu uliokuwa chini ya ardhi. Lilipovutwa kupanda tena lilikuwa limeikaribia ardhi kwa kiasi cha futi 70, yaani kimo cha jengo la ghorofa saba hivi.

Tarakimu hizohizo, 7500, zina maana nyingine kabisa zinapowekwa kwenye kifaa cha ndege kinachoijibu rada: nimetekwa. 7600 ni redio imekufa, 7700 ni dharura. Kila tarakimu ya kifaa hicho huishia saba, hivyo misimbo yote ni 4,096. Agizo la kuweka msimbo linaitwa "squawk", mlio wa kasuku, utani uliobaki tangu Vita Kuu ya Pili, wakati kifaa cha kutambulisha ndege rafiki kilipoitwa kasuku. Utekaji wenyewe si hadithi ya mbali. Februari 1982 Boeing 737 ya Air Tanzania iliyotoka Mwanza kuja Dar es Salaam ilitekwa, ikazungushwa na hatimaye kufikishwa Stansted, Uingereza.

Rada kwa Mtanzania ni neno lenye kovu. Ile iliyonunuliwa kwa BAE Systems kwa mkataba wa pauni milioni 28 ilizua zogo mpaka London. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani kutotunza ipasavyo kumbukumbu za hesabu, na Tanzania ikalipwa pauni milioni 29.5 zilizoelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Mitaani zikaitwa chenji ya rada. Baadaye Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilianza mradi wa rada nne za kiraia, Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Kwa mwongoza ndege, rada inabadilisha mazungumzo yenyewe. Asipokuwa nayo humwuliza rubani alipo, yuko futi ngapi, atafika saa ngapi, na kuichora picha kichwani. Akiwa nayo husema "identified", nimekutambua, na nusu ya maswali huisha.

Neno moja limewekwa chini ya ulinzi kuliko yote: "take-off". Tarehe 27 Machi 1977, kwenye ukungu wa Tenerife, rubani wa KLM alisema redioni kwamba wako "at take-off". Alimaanisha wameshaanza kukimbia. Mnarani ilieleweka kwamba wamekaa tayari, wanangoja. Jibu lilianza na "OK", na agizo la kusubiri lililofuata likafunikwa na sauti ya Pan Am iliyoita wakati uleule. Ndege hizo mbili ziligongana, watu 583 wakafa. Tangu hapo neno hilo hutamkwa tu kibali cha kuruka kinapotolewa au kufutwa; pengine pote ni "departure". Kiswahili kinaibeba tofauti hiyo bila taabu, kwani kuondoka si kuruka.

Je, Kiswahili chenyewe kisingetumika? Kanuni za kimataifa zinaruhusu lugha ya kituo cha ardhini au Kiingereza, na kwenye mnara wa Dar es Salaam ni Kiingereza. Wapenzi wa lugha wasinune haraka. Masafa ya redio ni baraza ambalo kila aliyemo husikiliza mazungumzo ya wengine, na rubani kutoka Doha anapomsikia mwenzake wa Zanzibar akiambiwa apite mbele, anajua nani yuko wapi. Tangu Machi 2008 marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa wanatakiwa kufikia angalau daraja la nne kati ya sita katika mtihani wa lugha, na wa daraja la nne hupimwa upya kila miaka mitatu. Mara nyingi wasumbufu ni Waingereza na Wamarekani wenyewe, wanaokwenda mbio na kuchomeka misemo ya kwao.

Ustaarabu nao una hatari yake. Januari 1990 ndege ya Avianca kutoka Kolombia ilizungushwa hewani zaidi ya saa moja ikisubiri kutua New York. Rubani aliomba "priority", kipaumbele, akaeleza kuwa mafuta yanaisha. Hakutamka neno la dharura, na waliomsikiliza walimpanga foleni. Injini zilizimika, watu 73 wakafa. Leo yapo maneno mawili yenye vipimo. "Minimum fuel" ni kwamba kuchelewa zaidi kunaweza kunifanya nitue nikiwa nimeanza kula akiba ya mwisho. "Mayday fuel" ni kwamba akiba hiyo sasa italiwa tu.

Mayday lilitoka kwenye uwanja wa Croydon, London, miaka ya 1920, kwa kukipa Kifaransa cha "nisaidieni" sura ya Kiingereza. Husemwa mara tatu mfululizo. Kwa shida isiyotishia maisha mara moja kuna "pan-pan", nayo mara tatu. Nahodha wa meli iliyotia nanga nje ya lango la bandari, mbele ya fukwe za Kigamboni, ana maneno hayohayo mawili. Yeye huita kupitia chaneli 16, na ndege inayompitia juu huita kwenye masafa ya 121.5.