Kuzalisha Kuku Vidimu

Nyumbani kwetu, kama penginepo, watu hudhani kwamba ili kupata vidimu wazuri, yaani kuku wenye manyoya yaliyojikunja, jogoo na tetea sharti wote wawe vidimu. Elimu ya urithi tunayosoma katika Bayolojia yasema sivyo. Kwa wastani, robo ya vifaranga wao huwa wa manyoya ya kawaida, nusu huwa vidimu, na robo hupata manyoya dhaifu yakatikayo upesi, ngozi ikabaki wazi, nao huteswa na baridi. Basi nashauri jogoo kidimu apewe tetea wa kawaida: nusu ya vifaranga watakuwa vidimu, wala hapana atakayekuwa na manyoya yale dhaifu. Tena manyoya hujengwa kwa protini. Kuku wanapoyabadili, wapeni dagaa au mchwa.