Vitesi ikikataa kuingia, si kila mara bwati ndiyo imekufa

Wakaaji wa Bukavu wanaijua picha hii. Taxi imejaa watu na mizigo, inapanda kuelekea soko ya Kadutu. Shofere anataka kutoka vitesi ya pili arudi ya kwanza. Levye inakwenda huku na huku kama mwiko ndani ya chungu, lakini hakuna kinachoingia. Motere inalia bure, gari inaanza kurudi nyuma, na konvwayeri anaruka na jiwe ili aliweke nyuma ya gurudumu.

Gari ikifika garaji, mara nyingi jibu linatoka haraka: « Papa, bwati imekufa. Inaomba tuishushe. » Kushusha bwati ya vitesi si kazi ndogo. Gari inalala garaji, shofere anakaa bila kazi, na mwenye gari anangojea pesa yake ya kila siku. Na kununua bwati nyingine ya okazioni ni kubahatisha: hakuna anayejua imetembea miaka ngapi. Lakini mara nyingi ubaya hauko ndani ya bwati. Uko njiani, kati ya mkono wa shofere na bwati yenyewe.

Levye haigusi vitesi yenyewe

Watu wengi wanafikiri levye imeingia moja kwa moja ndani ya bwati. Kuna gari za namna hiyo, ambazo levye imesimama juu ya bwati yenyewe. Lakini kwenye gari nyingi ndogo ambazo motere inavuta magurudumu ya mbele, bwati iko mbele, mbali na levye. Hata kwenye kamio nyingi ambazo kichwa kinainamishwa ili motere ionekane, levye iko fasi moja na bwati iko fasi nyingine.

Ndiyo maana kunahitajika kitu cha kubeba mwendo wa mkono. Kwenye gari moja ni vyuma vyembamba vilivyounganishwa, kwenye nyingine ni kabule mbili. Kabule moja inabeba mwendo wa kushoto na kuume, maana yake kuchagua mstari wa vitesi. Ya pili inabeba mwendo wa mbele na nyuma, maana yake kuingiza vitesi ao kuitoa. Kwenye kila muungano kuna kitu kidogo: rotule, yaani kichwa cha chuma cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe chake, ao bagi, yaani kipete cha plastiki ao cha mpira.

Vitu hivyo vidogo ndivyo vinachoka mbele. Vumbi ya wakati wa jua inavikwangua. Matope ya wakati wa mvua yanaingia pale kifuniko cha mpira kimepasuka. Maji yakiingia ndani ya ngozi ya kabule, chuma kinashika kutu na levye inakuwa nzito. Plastiki inakauka, inavunjika, na siku moja rotule inachomoka kabisa.

Alama zinazosema ukweli

Kila ugonjwa uko na alama zake. Levye ikicheza sana hata kama vitesi imeingia, bagi ao rotule zimekwisha. Levye ikiwa nzito kila siku zaidi, kabule inaweza kuwa na kutu ao imekunjwa vibaya. Levye ikilegea ghafula na kwenda kila upande bila kugusa kitu, kuna muungano uliotoka.

Kabule ya mbele na nyuma ikitoka, gari inabaki kwenye vitesi ile iliyokuwa imeingia, hata shofere akisukuma namna gani. Kabule ya kushoto na kuume ikitoka, mara nyingi shofere anapata tu ya tatu na ya ine, kwa sababu ndani ya bwati kuna resori inayorudisha kila kitu katikati. Shofere anayesema « niko napata ya tatu na ya ine tu » anampa fundi habari ya maana sana.

Jaribio lisilolipwa hata franga moja

Mbele ya kukubali kushusha bwati, gari isimame fasi ya tambarare, freni ya mkono ivutwe, mawe yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu, na motere izimwe. Kisha shofere ajaribu vitesi zote moja moja.

Zikiingia vizuri motere ikiwa imezimwa, lakini zikakataa motere ikiwaka, macho yaende kwa ambreyaji. Pengine haiachi kabisa: mafuta yake yamepunguka, hewa imeingia, ao kabule yake imelegea. Kubadilisha bwati hakutaponyesha kitu.

Zikikataa hata motere ikiwa imezimwa, kazi inakuwa ya watu wawili. Mmoja anachezesha levye, wa pili anaangalia pale kabule ao vyuma vinafikia kwenye bwati. Levye ikitembea na mkono wa chuma ulio juu ya bwati haufuate, ubaya umeonekana. Fundi anaweza pia kutoa kabule na kusukuma mkono ule yeye mwenyewe. Kama vitesi zinaingia bila shida, bwati haina kosa kwa upande huo, ni njia yake ndiyo imeharibika.

Lakini vitesi moja tu ikilia kila mara inapoingia, na ambreyaji ni nzima, hapo ubaya unaweza kuwa ndani ya bwati kweli. Na vitesi ikiruka yenyewe wakati gari inatembea, kuna sababu zaidi ya moja: mipira inayobeba motere imechoka, kabule haikupangwa vizuri, ao meno ya ndani yamelika. Mipira na kabule ndivyo viangaliwe kwanza, kwani vinaonekana bila kufungua bwati.

Mtu asiingie hata mara moja chini ya gari inayoshikwa na kriki peke yake. Na bomba ya moshi ipoe mbele.

Waya ni ya kufikia garaji tu

Barabarani, mafundi na mashofere wanajua kufunga rotule iliyotoka kwa waya ao kwa kipande cha mpira. Akili hiyo inaokoa, na hakuna haya ndani yake. Haya ni kuiacha waya ile miezi mitatu na kuendelea kubeba watu.

Kwenye milima ya Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, gari inateremka muda mrefu na bonde liko pembeni. Pale, vitesi ya chini ndiyo inayosaidia motere kuishika gari. Waya ikikatika wakati shofere ametoka vitesi moja na hajaingiza ingine, uzito wote unabaki kwa freni. Freni zinapashwa moto, na zikipata moto sana zinapoteza nguvu. Ndiyo maana vitesi ya chini inachaguliwa mbele ya kuanza kuteremka. Na ikikataa kuingia, gari isimamishwe mapema, freni zikiwa bado na nguvu, iwekewe mawe, na watu washuke.

Kutia grisi kwenye rotule, kubadilisha kifuniko kilichopasuka na kukaza vis zinazoshika kabule ni kazi ya saa chache. Bagi nyingi zinatosha kwenye kiganja cha mkono. Shofere aliyeona levye yake imeanza kucheza asingojee ichomoke katikati ya mlima. Na fundi akisema bwati imekufa, aombwe kwa heshima: « Fundi, tuangalie kabule kwanza. » Fundi wa kweli hatakasirika.