KUSIKILIZA MHADHARA MREFU BILA KUSINZIA

Wasomaji wa gazeti letu, mwaka jana mwezi wa Oktoba, nikiwa kidato cha tatu, nilipata aibu mbele ya darasa zima. Ilikuwa saa nane mchana, vipindi viwili vya Historia vikifuatana, na joto la bonde letu la Rukwa mnalijua wenyewe. Mabati ya paa yalikuwa yakialika kwa jua. Mwalimu akaniuliza swali. Nikasimama, nikaeleza kwa ufasaha habari za Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885. Kumbe mkutano huo alikwisha kuuacha zamani, yumo katika Vita vya Maji Maji! Kicheko kile nakisikia hata leo.

Wakati wa likizo nilimweleza kaka yangu mmoja wa ukoo, asomaye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yeye hakucheka. Alisema chuo hicho kilipoanza Oktoba 1961, katika jengo la Mtaa wa Lumumba, wanafunzi walikuwa wachache mno, wote wa sheria, na mwalimu aliweza kumtazama kila mmoja usoni. Siku hizi, huko Mlimani, mhadhara mmoja waweza kuwa na mamia ya watu, nao huweza kuendelea saa mbili. Hakuna wa kukuita jina. Ukisinzia, utaamshwa na makelele ya viti, watu wakitoka.

Basi nikaanza kuichunguza habari hii, maana huko ndiko nitakako kwenda.

Kwanza, usingizi wa mchana si uvivu mtupu. Mwili wa binadamu kwa desturi yake hulegea kidogo baada ya adhuhuri, hata kwa mtu asiyekula kitu, na sahani kubwa ya ugali huzidisha. Lakini yafaa tuseme kweli: wanaosinzia sana mchana ndio wanaozungumza bwenini mpaka usiku wa manane, nami nilikuwa mmoja wao.

Jambo la pili ndilo zito zaidi kwetu. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili miaka saba, kisha tukaingia katika Kiingereza. Mwalimu atamka neno usilolijua. Wewe ungali ukilitafuta maana, yeye amekwisha kusema mengine kumi. Likitokea hilo mara tatu, akili hukata tamaa, ikaenda zake Tunduma kutazama malori mpakani, nawe macho umeyakaza ubaoni kana kwamba wasikiliza. Kujifinya na kunawa uso hakufai kitu hapo. Dawa niliyoiona mimi ni kusoma sura ya kesho usiku wa leo, na kuandika pembeni maneno kumi magumu pamoja na maana yake. Hiyo imenisaidia kupita zote.

Tena mkono usikae bure. Walter Pauk, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, katika miaka ya 1950 alibuni namna ya kugawa ukurasa: upande wa kulia, ulio mpana, waandika mambo makuu kwa ufupi, upande wa kushoto, ulio mwembamba, baada ya somo waandika maswali, kisha waufunika ule wa kulia na kujijibu mwenyewe. Chini waandika muhtasari. Mimi huchora mistari hiyo kwa rula kabla kengele haijalia. Kaka asema wenzake wengi hupiga picha ya ubao kwa simu, na picha hiyo haitazamwi tena mpaka mtihani. Sisi simu haturuhusiwi, kwa hiyo jaribu hilo halijatufika.

Jambo moja niliwaomba walimu: katikati ya vipindi viwili tupewe dakika mbili za kuulizana. Mwalimu wetu wa Historia amekubali. Juma lililopita, tukiwa katika marudio, alinyamaza, na jirani yangu akaniuliza Kinjikitile alikuwa nani. Nilimjibu, na safari hii sikumtaja Berlin mtu yeyote.