Mashine Ipimwe Kabla Fedha Haijatoka

Mkulima wa pamba wa Songwa, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, aijua vyema foleni ya mzani. Tufanye mfano: mizigo yafika, kwa wastani, mmoja kila dakika 5, na mzani huchukua wastani wa dakika 4 kwa mzigo. Mtu atasema hapatakuwa na foleni. Sivyo. Watu hawaji kwa zamu. Mara watatu pamoja, mara hakuna hata mmoja, wala mizigo hailingani. Hesabu za foleni, alizozianzisha Mdenishi A. K. Erlang mwaka 1909, zaonyesha kwamba mambo yakienda kwa bahati namna hiyo, kila mtu atakaa pale wastani wa dakika 20. Mizigo ikija kila dakika 4 na nusu, atakaa dakika 36! Kazi imeongezeka kidogo, taabu imekaribia mara mbili.

Kompyuta nayo ina foleni zake. Mishahara, malipo ya mkulima na kodi, vyote vyangoja zamu ndani yake. Basi wataalamu hutengeneza kielelezo, yaani programu inayoiga mashine na kazi zinazoijia. Shughuli za siku nzima huigwa kwa muda mfupi, na udhaifu huonekana kabla ya senti moja kutumika. Mwaka 1961 Geoffrey Gordon wa IBM alitoa lugha ya GPSS kwa kazi hiyo. Nao Nygaard na Dahl wa Norway wakatunga Simula katika miaka hiyo ya 1960.

Sisi wenyewe tunalo fundisho. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza, baada ya hesabu za Serikali zilizofanywa kwa mashine kuleta vurugu na hasara. Hatusemi kielelezo pekee kingezuia yote hayo. Twasema kununua bila kupima ni kubahatisha kwa mali ya umma.

Lakini, ndugu msomaji, kielelezo kilishwacho takwimu za uongo kitajibu uongo. Kipewe hesabu za siku ya msongamano, si za siku tulivu. Kisha majibu yake yalinganishwe na kazi halisi. Anayeuza mashine aulizwe: siku ya mishahara, mfanyakazi wa mwisho atangoja muda gani? Asiye na jibu asipewe fedha. Majuto ni mjukuu.